Gari la Betri Mbili

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita)

Pale Kerege, kando ya barabara kuu iendayo Bagamoyo, pana mwembe ambao umekwisha kuhukumu magari mengi kuliko askari yeyote wa usalama barabarani. Chini yake huketi vijana wa bodaboda, fundi wa pancha, dereva wa lori la mchanga aliyekosa kazi siku hiyo, na wastaafu wawili watatu, nami nikiwa mmoja wao. Gari likipita hutajwa bei yake, umri wake na ugonjwa wake. Likiwa na namba C hupewa pole. Likiwa na namba D huulizwa kama linauzwa. Likiwa na namba E, mwenyewe husalimiwa hata kama hajulikani.

Siku moja mwaka 2023 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliegesha chini ya mwembe ule gari jeupe aina ya Prius, la mwaka 2010. Halikuwa lake bado. Alikuwa ameliazima kwa dalali wa Bunju kwa saa mbili ili alijaribu, na katika saa mbili hizo akaona apite kwangu. Kazi yake ni kubeba abiria wanaomwita kwa simu, kati ya Bunju, Tegeta, Mwenge na katikati ya jiji. Gari alilokuwa akiendesha lilikuwa la mtu, na hesabu ya mwenye gari haingoji kama abiria wamepatikana au la.

"Shikamoo mjomba," alisema. "Nimepungukiwa milioni tatu."

Kabla sijamaliza kuitikia marahaba, hukumu ilikwisha kutoka. "Hilo ni la betri," alisema fundi wa pancha bila kuinuka kwenye tairi alilokalia. "Betri ikifa, mzee wangu, hapo umebaki na banda la kuku." Watu wakacheka. Mpwa wangu akatazama viatu vyake.

Nikawauliza: nani kati yenu amewahi kumiliki gari la haibridi? Hakuna. Nani amewahi kuliona moja limekufa betri kwa macho yake? Mmoja akasema shemeji yake anaye rafiki huko Mbezi. Basi. Lakini milioni tatu ilikuwa sehemu kubwa ya kiinua mgongo changu kilichosalia, na mtu mwenye kiinua mgongo husikiliza hata maneno ya shemeji wa rafiki. Nikamwomba mpwa wangu anipe wiki moja. Wiki ile niliitumia kujiuliza jambo moja tu: haya maneno tunayoyasema kuhusu magari hutoka wapi?

Tuanze mbali kidogo. Mwezi Agosti mwaka 1907 ofisa mmoja Mjerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akikusudia kuvuka Afrika hadi pwani ya Atlantiki. Alifika Swakopmund mwezi Mei mwaka 1909. Karibu miaka miwili! Msafara wa wapagazi wa Bagamoyo ungeweza kwenda bara na kurudi katika muda huo. Wala si kwamba alikuwa akiendesha siku zote. Muda mwingi ulipita akiwa amekaa porini akingoja vipuri kutoka Ulaya. Kwa hiyo gari katika nchi hii, tangu lile la kwanza kufanya safari ndefu, limekuwa na swali lilelile mgongoni: likiharibika hapa, nani atalitengeneza, na kwa kifaa gani?

La kushangaza ni kwamba wakati huo gari la mseto lilikwisha kuzaliwa. Mnamo mwaka 1900 na 1901, fundi kijana aitwaye Ferdinand Porsche alitengeneza huko Vienna gari ambalo injini yake ya petroli ilizalisha umeme, na umeme huo ndio uliozungusha magurudumu. Lilikuwa zito na ghali, petroli ikazidi kuwa rahisi, na dunia ikalisahau kwa karibu miaka 100.

Sasa turudi nyumbani. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ya 1970, ambapo gari hapa kwetu halikuwa kitu cha kuchagua. Ulihitaji kibali kwanza, na uagizaji ulikuwa wa shirika la umma, State Motor Corporation. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, nasi tulikuwa tumetoka vitani Uganda. Fedha za kigeni zikaadimika. Zikawapo zile Jumapili ambazo ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yalitakiwa yawe yamelala, ila yenye kibali. Aliyekwenda Bagamoyo kuzika alitazama saa kaburini.

Katika hali hiyo gari zuri lilikuwa gani? Ni lile ambalo fundi wa jirani aliweza kulifungua. Peugeot 404, Land Rover, Volkswagen ya mgongo wa kobe. Fundi alitoa kabureta, akaipuliza kwa mdomo, akairudisha, gari likawaka. Akikosa kifaa alikichonga. Nawaomba mkumbuke kabureta ile, kwa sababu kwa maoni yangu ndiyo iliyotufundisha kununua magari, na mpaka leo hatujahitimu.

Bajeti ya mwaka 1984 ikaruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana amezipata wapi. Baadaye ikaja enzi ya ruksa, na katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani, mengi yakipitia Dubai, yakaanza kujaa barabarani. Mengi yalikuwa ya gia za otomatiki. Tukaambiwa otomatiki inakunywa mafuta mno, haiwashiki kwa kusukuma, na gia boksi yake ikifa hakuna wa kuifungua. Hayo la pili na la tatu yalikuwa kweli kwa wakati ule. Watu wakatafuta za mkono kwa udi na uvumba. Leo kijana akiona gari dogo la gia za mkono anauliza kama ni la shule ya udereva.

Ikafuata zamu ya injini zisizo na kabureta. Lilipokuja Vitz, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1999, na IST mwaka 2002, maneno yalikuwa kwamba "lina kompyuta." Neno hilo lilitamkwa kama jina la ugonjwa. Kompyuta ikipata maji, basi. Leo IST ndilo gari ambalo chini ya mwembe wetu huhesabiwa sawa na fedha taslimu, na hakuna anayekumbuka kwamba ana kompyuta.

Halafu ikaja D4, na hapa nina kisa changu mwenyewe.

Mwaka 2006 nilinunua gari lenye injini ya D4, yaani ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Mwaka wa kwanza lilikuwa raha tupu. Mwaka wa pili likaanza kutikisika asubuhi na kuzimika kwenye foleni. Fundi wangu wa wakati huo, mzee mwaminifu aliyelelewa na kabureta, alilitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyeletwa saa za mwisho. "Hizi D4 hazina dawa," alisema. "Liuze bado linatembea." Nikaliuza mwaka 2009 kwa bei ambayo mpaka leo sijamwambia mke wangu. Aliyelinunua ni mwalimu mmoja wa Zinga. Alikwenda kwa kijana mwenye mashine ya kupimia, akabadilisha pampu na chujio, akasafisha nozeli, akawa anajaza mafuta kituo kimoja tu anachokiamini. Alitembea nalo miaka kumi. Kila nilipokutana nalo barabarani alinipungia mkono kwa furaha, nami nikampungia nikiwa ndani ya daladala.

Ni baadaye sana ndipo nilipoelewa. Miaka ile uchakachuaji wa mafuta ulikuwa biashara kamili. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili maskini awashe kibatari, basi wajanja wakayachanganya kwenye dizeli, na petroli nayo haikusalimika. Mwezi Septemba mwaka 2010 EWURA ikaanza utaratibu wa vinasaba kwenye mafuta ili kuwakamata, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa yenyewe. (Mwenye kibatari akalipia kosa la mwenye tangi, lakini hilo lina mazungumzo yake.) Kabureta ingeyavumilia mafuta yale machafu kwa kukohoa kidogo. Pampu ya D4 haikuweza. Sisi tukailaumu injini. Jina baya likakwama, na mpaka leo, miaka mingi baada ya vinasaba, utamsikia dalali akisema kwa fahari, "hili si D4."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimefika katika hesabu zangu Jumatano ya wiki ile. Hofu ya mnunuzi haikuwa ujinga. Kila mara ilianza na jambo la kweli: kweli hapakuwa na fundi, kweli mafuta yalikuwa machafu. Kasoro yake ni kwamba mambo yakibadilika yenyewe hubaki palepale, maana anayeirudia hana habari ya pampu wala ya vinasaba. Amesikia tu.

Na haibridi je? Prius lilianza kuuzwa Japani mwezi Desemba mwaka 1997, siku zilezile ambazo wakubwa wa dunia walikuwa Kyoto wakijadili hewa chafu. Huku kwetu ilikuwa mvua ya El Niño. Barabara ya Bagamoyo ilikuwa tope la kuzama hadi magotini, na nakumbuka nililala Boko katika basi lililokwama. Kama mtu angetuambia usiku ule kwamba kuna gari linaloendeshwa na petroli na umeme kwa pamoja, tungemwuliza kama linaelea.

Bei yake ilikuwa yeni 2,150,000, na watu wengi walisema kampuni ilikuwa ikipata hasara kwa kila moja. Kwa vipimo vya Japani lilikwenda kilometa 28 kwa lita. Kuanzia mwaka 2000 likauzwa nje. Wamarekani nao walikuwa na mashaka yao kuhusu betri, lakini jambo lililowafanya walinunue linachekesha. Mwaka 2007 kampuni ya utafiti ya CNW iliwauliza wanunuzi wa Prius sababu zao, na asilimia 57 wakasema sababu kubwa ni kwamba gari lile linawatangaza wao ni watu wa namna gani. Kuokoa mafuta kulikuja nyuma. Honda walikuwa na Civic ya haibridi, gari zuri, lakini kwa sura halikutofautiana na Civic nyingine yoyote, na halikupata umaarufu ule. Jirani asingejua kwamba umenunua haibridi! Basi msidhani ni Kerege peke yake ambako watu hununua gari kwa macho ya wengine. Tofauti ni kwamba yule wa California alitaka aonekane nalo, na wa kwetu anaogopa kuchekwa chini ya mwembe.

Kule Japani kwenyewe mashaka yaliisha. Mwaka 2010 Prius liliuzwa zaidi ya 315,000, likavunja rekodi ya mauzo ya mwaka mmoja iliyokuwa imeshikwa na Corolla tangu mwaka 1990. Kufikia Januari 2017 Toyota walikuwa wamekwisha kuuza haibridi milioni 10 duniani kote.

Hapa ndipo pa kusimama. Sisi hatununui magari yanayotengenezwa mwaka huu. Tunanunua aliyochagua Mjapani miaka 10 au 15 iliyopita. Alipochagua Corolla, sisi tukaendesha Corolla. Alipochagua Vitz, tukaendesha Vitz. Mwaka 2010 alichagua haibridi kuliko gari lolote, na magari yale ndiyo yaliyokuwa yakishuka bandarini Dar es Salaam mpwa wangu alipokuja kuomba milioni tatu. Tupende tusipende, foleni ya meli imekwisha kupangwa.

Wamongolia walilitambua hilo mapema. Ulaanbaatar imejaa Prius zilizotumika Japani, kwa sababu zinawaka vizuri asubuhi kwenye baridi kali, na serikali yao iliyapunguzia kodi magari hayo. Mafundi wakajifunza kwa sababu magari yalikuwapo, na watu wakayanunua kwa sababu mafundi walikuwapo.

Kwetu kodi ilituelekeza kwingine. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa kwa gari dogo umefuata ukubwa wa injini: isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 haikutozwa, ya hadi 2,000 ilitozwa asilimia 5, na zaidi ya hapo asilimia 10. Ndiyo maana Vitz na Passo zimejaa kama kumbikumbi. Prius ya mwaka 2010 ina injini ya 1,800. Katika karatasi za forodha ni gari kubwa, ingawa kwenye foleni ya Mwenge injini hiyo huwa imezimika.

Kuna tofauti pia ya umri. Wakenya hawaruhusu gari lililozidi miaka minane kuingia, kwa hiyo haibridi inayofika Nairobi ina betri ambayo bado ina nguvu. Sisi hatulizuii gari la zamani. Likizeeka tunalitoza ushuru wa ziada, kisha tunalikaribisha. Basi mtu analipa zaidi kwa sababu ni zee, na anapata betri iliyochoka kwa sababu hiyohiyo. Fundi wa pancha hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa na nusu ya ukweli.

Nusu ya pili niliipata Tegeta. Alhamisi ya wiki ile mimi na mpwa wangu tulilipeleka gari kwa kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi Nairobi. Umri wake ni kama wa mwanangu wa mwisho. Alivaa glavu nene za mpira, akachomoa plagi ya usalama, akangoja dakika kadhaa, kisha akafungua nyuma ya kiti. Nilitazamia kuona betri moja kubwa. Nikaona safu ya vipande vyembamba vilivyosimama kama vitabu kabatini.

"Hizi zipo 28, mzee," alisema. "Kila kimoja kina volti saba na kidogo. Jumla inapita volti 200, kwa hiyo usiguse waya za rangi ya machungwa. Ile ya kawaida, ya volti 12, ipo kule pembeni."

"Kumbe ni betri mbili?"

"Betri mbili, mzee. Na watu wengi wanaosema betri kubwa imekufa, ukipima, vimekufa vipande viwili au vitatu. Vingine vizima."

Akapima kimoja kimoja. Viwili vilikuwa dhaifu. Kisha akanionyesha tundu dogo ubavuni mwa kiti cha nyuma, ambamo feni huvuta hewa ya kuipoza betri. Abiria huliziba kwa mabegi bila kujua, na vumbi huliziba polepole. "Haibridi nyingi ninazoletewa," alisema, "zinaumwa joto."

Nikamwuliza betri nzima, ikibidi, ni kiasi gani. Akataja milioni mbili na laki nne. Jioni nilikaa na karatasi. Mpwa wangu hutembea kama kilometa 150 kwa siku. Gari alilokuwa akiendesha lilikwenda kilometa 12 kwa lita, yaani lita 12 na nusu. Prius, hata tukilinyima sifa za matangazo, tuseme 20 kwa lita, ni lita saba na nusu. Linaokoa lita tano. Bei ya petroli ilikuwa imekwisha kuvuka shilingi 3,000 tangu mwaka 2022, ule mwaka vita vya Ukraine vilipotutikisa hadi serikali ikatoa ruzuku. Lita tano ni shilingi 15,000 kwa siku, na kwa siku 25 za kazi ni 375,000. Betri nzima ingejilipa kabla ya miezi saba kwisha. Nilirudia hesabu mara tatu, maana nilikuwa na kumbukumbu ya D4.

Jambo jingine lililonisaidia ni mitungi ya gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikafika Dar es Salaam mwaka 2004. Tangu hapo teksi na bajaji nyingi zimefungwa mfumo wa pili, zikatembea kwa gesi na petroli, na gesi kwa kilo ikiuzwa karibu nusu ya bei ya lita ya petroli. Mtungi unameza buti lote, na wakati vituo vilipokuwa vichache watu walipanga foleni Ubungo usiku kucha. Lakini chini ya mwembe sijasikia mtu akiliita gari la gesi banda la kuku. Kwa nini? Kwa sababu lilifungwa mtungi mbele ya macho ya mwenyewe, na fundi aliyefunga ana simu inayopatikana. Mifumo miwili ya mafuta tumeikubali bila ubishi. Mifumo miwili ya kuendesha magurudumu, iliyofungwa kiwandani na wajuzi kuliko sisi, tunaiogopa.

Nikatoa milioni tatu. Dalali, alipoonyeshwa vipimo vya vile vipande viwili, alishusha bei mpaka milioni 12, vipande vikabadilishwa, na mpwa wangu akaanza kazi.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yakawa mazuri tangu siku hiyo. Kwa mafuta yalikuwa mazuri, hesabu yangu haikukosea sana. Lakini mwaka 2024 dada yangu, mama yake, alilazwa na akatakiwa afanyiwe upasuaji. Fedha zilihitajika ndani ya wiki. Kijana akaamua auze gari. Jirani yake mwenye IST la bei ileile alikuwa ameliuza mwezi huo kwa siku mbili. Prius lilikaa sokoni wiki tatu. Madalali walikuja, wakalizunguka, wakauliza, "la betri, eeh?" na kuondoka. Wa mwisho alitaja milioni sita. Gari lilikuwa halijawahi kulala gereji hata siku moja, nalo limepoteza nusu ya thamani yake kwa maneno matupu. Tulichangishana ukoo mzima, nikauza mbuzi wangu wanne, dada akatibiwa, na sasa hajambo. Gari halikuuzwa.

Siku zile nilikuwa nikikaa chini ya mwembe kimya. Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimepima betri, nimepima mafuta, nimepima hata kodi, na nikasahau kupima kitu ambacho fundi wa pancha alikijua bila kalamu: kwamba mtu wa kipato chetu hununua gari la kutembelea na akiba ya siku ya ugonjwa kwa pamoja. IST ni akiba. Prius, kwa wakati huu na mahali hapa, halijawa. Anayewaambia watu wa Kerege kwamba wanaogopa haibridi kwa sababu hawajaelimika, namwomba kwanza atuambie yeye atalinunua kwa bei gani siku mama wa mtu akilazwa.

Lakini nimeona pia jinsi bei hiyo inavyotengenezwa. Mwezi uliopita, siku ya Jumatano, mpwa wangu alikuwa akitoka Bunju na taa ya pembetatu nyekundu ikawaka karibu na Mapinga. Akanipigia. "Mjomba, imewaka." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. Alisimama kando ya barabara, boneti juu, na kila bodaboda aliyepita alipunguza mwendo. Kijana wa Tegeta alikuja kwa pikipiki. Alifungua lile tundu la ubavuni mwa kiti, akatoa feni, na ndani yake mlikuwa na mchanga wetu mwekundu, nywele, na karatasi ya pipi. Akaisafisha kwa brashi ya rangi, akafuta taa kwa mashine yake, akalipwa shilingi 40,000 pamoja na mafuta ya pikipiki. Saa kumi jioni gari lilikuwa Mwenge linabeba abiria.

Ijumaa yake nilikwenda Bagamoyo mjini kununua samaki, mpwa wangu akanipeleka. Pale sokoni, muuza samaki ambaye nimemzoea alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Pole mzee," akasema. "Tumesikia gari la kijana limekufa betri." Alikuwa mtu wa tatu kunipa pole asubuhi ile. Nikamwambia geuka. Prius lilikuwa limeegeshwa hatua kumi nyuma yake, milango wazi, na mpwa wangu alikuwa akitandika magazeti kwenye buti ili samaki wasilowanishe kapeti.